UZI: Siku 30 Peru na Bolivia na begi mgongoni. Panga safari kwa mwinuko, ramani baadaye

Mpagazi wa Marangu (mwenye uzi)

Habari za jioni wakuu.

Mwezi huu watu watatu wameniandikia faragha wakiuliza habari za safari yangu ya milima ya Andes. Nimeona badala ya kujibu mmoja mmoja niweke mezani kila mtu asome. Uzi utakuwa mrefu na nitaushusha kwa vipande, maana kesho kutwa napandisha wageni na huko juu mtandao ni wa kubahatisha.

Kwa wasionifahamu, nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka sita kabla ya kuanza kuongoza wageni. Mwaka juzi mimi na shemeji yangu, fundi umeme wa Himo, tulitimiza jambo tulilolizungumza tangu harusi ya dada: siku 30 Peru na Bolivia, kwa pesa ya mtu wa kawaida aliyejibana. Hatukulala hoteli za nyota. Hatukulala stendi pia.

Jambo moja nataka mlishike kabla ya yote. Wengi wanaopanga safari hii wanaanza na ramani. Wanaona Lima, wanaona Cusco, wanachora mstari. Wengine wanaanza na bei ya ndege. Mimi nasema anza na mwinuko, maana juu hewa ni nyepesi na mwili unahitaji siku za kuzoea. Andika kila mahali utakapolala na mita zake pembeni, kisha hakikisha namba zinapanda taratibu. Ukishafanya hivyo, ratiba na pesa vinajipanga.

Kilimanjaro unapanda siku sita au saba, unagusa kilele, unashuka, na usiku uko Moshi kwenye mita 900 unakula ndizi nyama. Andes haina Moshi ya kushukia. Unalala juu, unakula juu, unapanda basi juu, wiki tatu mfululizo.

Kwa wanaoujua mlima wetu, mfananisho huu ndio tuliotumia sisi kupanga. Cusco iko mita 3,400, yaani umeshaipita kambi ya Mandara (2,720) na ya Horombo (3,720) unaiona mbele. Puno na Ziwa Titicaca ni mita 3,800, juu kidogo ya Horombo. La Paz ni Horombo yenye maghorofa, foleni na akina mama wa sokoni. El Alto, mji ulioko juu ya La Paz, unapita mita 4,100, na watu wanazaliwa hapo, wanasoma, wanaoa na kuzikwa hapo hapo. Njia ya mlima Salkantay ina kipito cha mita 4,630, sawasawa na Lava Tower ya kwetu. Na kule kusini ya Bolivia kuna mahali gari linakufikisha karibu mita 4,900 alfajiri, juu ya kibanda cha Kibo, na hujatembea hata hatua moja.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayoumiza watu. Miguu inampunguza mtu mwendo, gari halimpunguzi.

Nitaendelea na njia tuliyopita.

Binti Pangani

Naweka kambi hapa mkuu. Na uguse bei bila kuficha, maana nyuzi za safari humu watu wanaandika "nilitumia kiasi" halafu kimya.

Mpagazi wa Marangu

Dada, bei nitazitaja zote. Twende.

Tulitua Lima, usawa wa bahari. Siku mbili hapo kwa ajili ya kulala vizuri na kubadili pesa. Nilikuwa na deni la mama pia. Mama yangu ni wa jumuiya ya Mtakatifu Martin wa Porres, na maisha yote nimeiona ile picha sebuleni: mtawa mweusi ameshika ufagio, chini paka, mbwa na panya wanakula sahani moja. Sikuwahi kujiuliza alikuwa mtu wa wapi. Ni wa Lima. Alizaliwa 1579, baba Mhispania, mama mwanamke mweusi aliyeachwa huru kutoka utumwani, na ndugu zake wa shirika walimpa kazi za ufagio na kuuguza wagonjwa. Akatangazwa mtakatifu 1962. Amelazwa kwenye konventi ya Santo Domingo katikati ya mji. Nilisimama pale kaburini nikampigia mama simu ya video, naye akapiga magoti jikoni kwake Marangu, mwiko bado mkononi. Wakatoliki msipite Lima bila kufika hapo.

Kutoka Lima watu wengi wanapanda ndege hadi Cusco, saa moja na dakika kadhaa. Ukifanya hivyo umetoka mita sifuri hadi 3,400 kabla ya chakula cha mchana. Sisi tulichukua basi la usiku hadi Arequipa, saa 16 hivi, kiti cha kulala kinachoitwa "cama". Arequipa iko mita 2,335, mji wa mawe meupe ya volkano, na El Misti imesimama nyuma yake kama Meru nyuma ya Arusha. Usiku mbili hapo ndio mwili unaanza kufahamu.

Halafu Colca. Hili ni bonde refu lenye kina kikubwa, na faida yake kwa mpanga safari ni hii: barabara inapita Patapampa mita 4,910 kwa dakika chache, kisha unashuka kulala Cabanaconde kwenye 3,300. Siku ya pili unateremka kwa miguu hadi bondeni, kama mita 2,200, unalala, unapanda tena alfajiri. Panda juu, lala chini. Ndiyo ile ile tunayofanya tunapowapeleka wageni Lava Tower halafu tunawashusha Barranco. Kiingilio cha Colca kwa mgeni kilikuwa soli 70 (soli ni pesa ya Peru). Tai wakubwa wanaoitwa kondori tuliwaona Cruz del Cóndor asubuhi hewa ilipoanza kupata joto, mmoja akapita chini yetu kiasi kwamba tuliona mgongo wake.

Kisha basi la usiku hadi Cusco. Na hapa tulifanya kitu ambacho naomba mkiige: hatukulala Cusco. Asubuhi ile ile tulichukua gari dogo la abiria hadi Ollantaytambo, mita 2,800, tukalala siku mbili. Mji umejengwa na Wainka, watu wa kale wa Andes, mifereji ya maji bado inapita pembeni ya vichochoro, maji yanakimbia mchana na usiku. Mchagga yeyote atatulia pale, maana ni mifongo ile ile ya kwetu. Siku ya tatu tukarudi Cusco tukiwa wazima.

Jogoo wa Kirumba

Mkuu kwa heshima zote, mimi nilikwenda Peru nikiwa masomoni Hispania. Nilipanda ndege Lima hadi Cusco, nikanywa chai ya koka, kesho yake nikaenda kuzunguka. Sikuumwa hata kichwa. Naona unawatisha watu na kuwaongezea siku za basi bure.

Mpagazi wa Marangu

Kaka, nakuamini kabisa. Nimepandisha mzee wa miaka 68 akafika kilele cha Uhuru akiimba, na siku hiyo hiyo kijana mcheza mpira tukamshusha kwa machela kutoka kambi ya Barafu. Mlima hauangalii kifua, na aliyepona mara moja mara ya pili anaweza kushikwa. Ukiniuliza kama wewe, nitakuambia ulibahatika. Ninayempangia safari mtu nisiyemjua siwezi kumpangia bahati.

Tena siku za basi si za bure. Basi la usiku ni kitanda na nauli kwa pamoja.

Nieleze Salkantay, njia ya miguu ya kwenda Machu Picchu, ule mji wa kale wa Wainka, maana ndiyo roho ya safari yetu.

Ile njia maarufu ya Wainka ya kilomita 43 ni lazima uende na kampuni, vibali ni watu 500 kwa siku ukijumlisha wapagazi na viongozi wao, vinaisha miezi kabla, na Februari inafungwa. Bei yake ilikuwa juu ya uwezo wetu. Salkantay haina kibali cha namna hiyo. Tuliondoka Cusco saa 10 alfajiri hadi Mollepata, tukalala Soraypampa (3,900), siku ya pili tukavuka kipito, tukateremka hadi Chaullay (2,900), kisha Lucmabamba kwenye mashamba ya kahawa, kisha Hidroeléctrica, na kutoka hapo ni kutembea kama kilomita 10 kando ya reli hadi Aguas Calientes, mji ulio chini ya Machu Picchu. Ile treni ya watalii ni dola 60 na zaidi kwa upande mmoja. Miguu ni bure.

Begi moja tulimpa mwenye nyumbu avuke nalo kipitoni. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa ndala za matairi ya gari, vidole viko nje na chini kuna barafu. Nilipomwambia kwa Kihispania changu cha kuokoteza kwamba na mimi nimebeba mizigo, hakuamini. Akanishika bega, akabonyeza pale juu ambapo mkanda unakaa. Kisha akanionyesha la kwake. Kovu lilikuwa mahali pale pale. Sisi tunabeba kichwani na shingoni, wao wanafunga mzigo kwenye shuka la mistari wanalolipitisha begani na kulifunga kifuani, lakini kabla hajanunua nyumbu alikuwa mpagazi kwenye njia ya Wainka. Akanieleza kuwa zamani walibeba hata kilo 40, mpaka ilipotoka sheria ya wapagazi mwaka 2001 ikaweka kilo 20. Namba ile ile tunayopimiwa sisi getini. Tulikaa kwenye jiwe tukagawana karanga zangu na koka yake, shemeji akasubiri.

Sikuenda Peru kwa ajili ya hilo, lakini ndilo nililorudi nalo.

Machu Picchu yenyewe iko mita 2,430, chini ya Mandara, kwa hiyo ukifika hapo baada ya Salkantay unapumua kama uko bustanini. Tiketi ilikuwa soli 152, unachagua mzunguko na saa kabisa. Nunua mtandaoni kwenye tovuti ya wizara yao ya utamaduni mapema. Kuna tiketi 1,000 kwa siku zinauzwa Aguas Calientes kwenyewe kwa ajili ya kesho yake, lakini foleni yake ni ya kuamka usiku.

Mswahili wa Doha

Salaam aleikum wadau. Mimi ni Mkenya wa Malindi niko Qatar, nina likizo ya siku 30 tu na ndani yake nataka nipite nyumbani kumwona mzee. Kutoka Doha kuna ndege ya moja kwa moja hadi São Paulo. Je, kwa siku 18 za huko inawezekana nchi mbili?

Mpagazi wa Marangu

Waaleikum salaam ndugu yangu. Inawezekana, ila kata vitu, usikaze mwendo. Kosa la mwenye siku chache ni kubaki na orodha ile ile na kupunguza usiku wa kulala. Kwa siku 18 ningefanya Lima usiku mmoja, Arequipa mbili, Cusco na bonde lake tano (Machu Picchu kwa njia ya Hidroeléctrica, bila Salkantay), Puno moja, Copacabana ya Bolivia moja, La Paz mbili, Uyuni (ile tambarare ya chumvi) tatu, na zinazobaki ni za mabasi na dharura. Colca na Sucre (mji wa Bolivia) ziache. Dharura usiiache: Bolivia wana desturi ya kufunga barabara kwa mawe na matairi wanapodai haki zao, na sisi tulikaa saa 9 kati ya Potosí na Sucre tukisubiri wazungumze. Ukiwa na ndege kesho yake umekwisha.

Na tiketi ya ndege iwe moja mpaka Lima, ili begi lipite São Paulo bila wewe kutoka nje kulichukua. Mwenye tiketi mbili tofauti anaweza kujikuta anahitaji kuingia Brazili.

Binti Pangani

Viza je? Na ile kadi ya njano?

Mpagazi wa Marangu

Pasi ya Tanzania inahitaji viza nchi zote mbili, uombe kabla. Ya Peru niliombea ubalozi wao wa Pretoria, na ndiyo iliyonilia muda kuliko kitu chochote kwenye safari hii. Anza miezi minne kabla. Taarifa za benki, barua ya kazi, tiketi ya kurudi, mahali pa kulala. Ya Bolivia nayo anza mapema, na ujue wana ubalozi mdogo Cusco na mwingine Puno kama utakwama njiani.

Kadi ya njano ni lazima. Utaulizwa Bolivia, na utaulizwa ukirudi nyumbani kwa sababu nchi zote mbili ziko kwenye orodha ya homa ya manjano. Chanjo moja inatosha maisha yote, tangu 2016 haina tarehe ya kuisha.

Sasa Bolivia.

Kutoka Puno basi linafuata ziwa hadi mpaka wa Kasani, unagonga muhuri pande mbili kwa miguu, dakika kumi na tano uko Copacabana. Ilikuwa Juni, na njiani kabla ya mpaka basi lilisimama kuongeza abiria karibu na shamba. Nikaona viazi vimetandazwa kwenye majani kama tunavyoanika kahawa. Mama mmoja alikuwa juu yake pekupeku, anavikanyaga taratibu kwa visigino, anazunguka, maji yanatoka chini ya miguu yake. Shemeji akauliza kwa nini anaharibu chakula. Kijana wa kiti cha mbele akatueleza: usiku baridi inavigandisha, mchana jua linaviyeyusha, wao wanakanyaga kutoa maji, siku kadhaa hivyo hivyo, mpaka kinabaki kitu chepesi cheusi kama jiwe la moto. Kinaitwa chuño na kinakaa ghalani miaka. Hawakuhitaji jokofu, walikuwa na usiku wao. Kwenye supu kina ladha ya udongo kidogo, siku ya tatu nilikuwa naagiza mwenyewe. Viazi vyetu vya Njombe na Lushoto, asili yake ni milima hii.

Copacabana mchukue boti mkalale Isla del Sol usiku mmoja. Kutoka hapo kwenda La Paz kuna mlangobahari wa Tiquina: abiria mnashuka, mnavuka kwa kiboti kwa bolivianos (pesa ya Bolivia) chache, na basi zima linapakiwa peke yake kwenye jahazi bapa la mbao. Linayumba. Pasi na pesa kaa navyo mwilini, usiache garini.

La Paz tulikaa usiku tatu. Usafiri wa jiji ni vibanda vya angani vinavyoning'inia kwenye nyaya, vilianza 2014, nauli ilikuwa bolivianos 3. Kwa bei ya daladala unapita juu ya mapaa ya watu, unaona nguo zilizoanikwa na mbwa wanaolala juu ya dari, na mbele mlima Illimani mweupe. Asubuhi tulikunywa api, uji mwepesi wa moto wa mahindi ya zambarau. Mtu wa uji atanielewa.

Wenye nguvu wanapanda Huayna Potosí kutoka hapo, mita 6,088, kuzidi Uhuru kwa mita 193. Sisi hatukupanda, ni barafu ya kamba na viatu vya meno na pesa haikutosha.

Ntuzu Halisi

Uyuni mkuu. Ile chumvi.

Mpagazi wa Marangu

Nafika. Samahani kwa kuchelewa, nimeshuka mlima jana.

Uyuni ni tambarare ya chumvi ya kilomita za mraba 10,582, mita 3,656 juu ya bahari. Ukitaka ile picha ya mbingu mbili nenda Januari hadi Machi kukiwa na maji. Juni ni kavu, nyeupe, imepasuka pembe sita sita mpaka macho yanaishia, na usiku ni baridi ya kuvunja chupa. Unakwenda na gari la watu sita kwa siku tatu. Siku ya kwanza chumvi na kisiwa cha dungusi kubwa kiitwacho Incahuasi, siku ya pili mabwawa ya rangi, Laguna Colorada nyekundu kabisa na heroe wamesimama ndani, siku ya tatu alfajiri ni mivuke ya Sol de Mañana.

Usiku wa pili ndio nataka muusome vizuri. Tulilala nyumba ya wageni kama mita 4,300. Katika gari letu kulikuwa na binti aliyetoka Santa Cruz siku moja kabla ya safari. Santa Cruz ni mita 416. Kampuni iliyomuuzia safari haikumuuliza ametokea wapi, na hata sisi hatukuulizwa. Jioni hakula. Saa 5 usiku nikasikia kikohozi cha majimaji kupitia ukuta, kile ambacho ukishakisikia mara moja hukisahau. Nikagonga. Alikuwa amekaa kitandani kwa sababu akilala hapumui. Nilikuwa na kile kipimo cha kidole cha oksijeni, kikasoma asilimia 61. Nikamwomba atembee kwenye mstari wa vigae, kisigino mbele ya kidole, akaangukia mlango.

Dereva alikuwa mtu mwema lakini alisema tusubiri alfajiri, barabara ni mbaya usiku, na alfajiri ratiba ilikuwa kupanda hadi 4,900. Nikamwambia kwa mikono zaidi kuliko maneno: huyu hana alfajiri hapa. Shemeji akabeba mablanketi, wale wengine wawili wa gari wakasema hawadai mivuke. Tukaondoka saa 6, tukashuka hadi kijiji cha kwenye mita 3,800, na kabla hatujafika tayari alikuwa anaongea. Zahanati ya pale ilikuwa na oksijeni. Asubuhi aliomba mkate.

Sol de Mañana sijaiona hadi leo. Ninawaandikia haya yote kwa sababu ya usiku ule. Binti yule hakufanya uzembe, alinunua safari kama anavyonunua kila mtu, kwa picha na bei.

Kwa hiyo: ukilala juu ya mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu nne pumzika. Kichwa kikiuma, usipande mpaka kiache. Ukikohoa maji au ukiyumba, shuka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na umelipia. Dawa ya mwinuko, acetazolamide, ongea na daktari kabla ya kuondoka, wengine haiwafai. Chai ya koka inachangamsha lakini haitibu. Na majani ya koka, hata ya chai, msirudi nayo. Kule ni halali, hapa ni kesi ya dawa za kulevya.

Jogoo wa Kirumba

Nimesoma hiyo ya usiku mara mbili. Kaka nafuta niliyoandika pale juu.

Mpagazi wa Marangu

Usifute ndugu, mwache mwingine mwenye mawazo yale ayakute na majibu yake.

Sasa pesa, za mtu mmoja, kwa dola:

Ndege kwenda na kurudi hadi Lima 1,750. Kulala, kula na mabasi Peru siku 17: 560. Machu Picchu, Colca, Salkantay na yule nyumbu: 150. Bolivia siku 13: 320. Uyuni na kiingilio cha hifadhi: 190. Ndege ya La Paz hadi Lima kurudi: 160. Ukitoa ile ndege kubwa na viza, ni 1,380. Tulibeba 250 ya dharura kila mtu.

Kitanda cha chumba cha watu wengi Peru kilikuwa soli 40 hadi 60. Mchana usikae kwenye mgahawa wenye picha za vyakula nje, uliza "menú": supu, sahani na kinywaji kwa soli 10 hadi 15. Bolivia nenda na dola za noti, safi, zisizochanika. Kwa miaka mingi kiwango rasmi kilikuwa bolivianos 6.96, lakini tangu dola zilipoadimika 2023 mtaani zilianza kulipwa zaidi, na aliyetumia kadi alipunjika. Uliza hali ilivyo wiki unayosafiri.

Binti Pangani

Swali la mwisho na silioni likiguswa. Sisi weusi kule tunaonekanaje?

Mpagazi wa Marangu

Milimani tunatazamwa, hasa watoto. Kwa Cusco na La Paz sikukutana na ubaya, nilikutana na macho. Kihispania kidogo kinasaidia: ukisalimia kwanza, yule anayekutazama anakuwa mwenyeji wako.

Lakini nikuambie kuhusu Tocaña. Siku mbili za mwisho tulitoka La Paz kwa gari dogo, mwendo wa saa tatu, barabara inapanda La Cumbre kwenye mita 4,650 kisha inatumbukia hadi Coroico kwenye mita 1,700, migomba na michungwa ghafla. Ng'ambo ya bonde kuna kijiji cha Tocaña cha Wabolivia weusi. Wahenga wao waliletwa kutoka Afrika kama watumwa wa Potosí, kwenye madini ya fedha na kiwanda cha sarafu, baadaye wakapelekwa Yungas, mabonde haya ya joto, kwenye mashamba ya koka. Katiba ya 2009 ndiyo iliyowataja kwa jina. Tulifika wakiwa wanafanya mazoezi ya ngoma yao, saya. Akina mama wamevaa kama Waaymara, wenyeji wa milima ile, sketi pana na kofia, ngoma zinajibizana, na kiongozi wa wanaume amefunga njuga miguuni. Njuga, dada. Shemeji, ambaye siku 28 hakuonyesha machozi hata kipitoni, aligeuka akaangalia bonde.

Mzee mmoja akatuuliza tumetoka wapi. Tukasema Tanzania. Akauliza ni mbali kiasi gani, shemeji akamwambia siku mbili za ndege. Akafikiri, akasema, "Si mbali sana basi." Akatuletea machungwa.

Ntuzu Halisi

Mkuu mimi nimeshaanza kuweka akiba, nalenga Juni ijayo. Nguo za baridi nitapata wapi bila kuuza ng'ombe?

Mpagazi wa Marangu

Panda basi uje Moshi, soko la Memorial. Jaketi la manyoya ya bata, glovu, soksi za sufu, vyote vya mtumba na vyote vizima ukichagua asubuhi mzigo ukifunguliwa. Jaketi langu la Uyuni lilitoka pale kwa shilingi 35,000. Viatu tu usinunue mtumba, nunua vipya na uvivae miezi miwili kabla. Nipigie ukifika, nitakupeleka kwa mama ninayemwamini, na tutapanda siku moja hadi Mandara tuone kifua chako kinasemaje.